Tuisheni, kambi, mwalimu wa nyumbani au mitihani iliyopita: kipi humwingiza mtoto skuli ya vipawa?

Maandalizi humsaidia mtoto kuchaguliwa skuli za vipawa na madarasa ya michepuo, yale yanayochagua wanafunzi kwa alama za mtihani, na kwa Zanzibar humsaidia zaidi kuliko yanavyomsaidia mtoto wa New York anayegombea nafasi ya namna hiyo hiyo. Sababu iko kwenye mtihani wenyewe, tutaifikia. Wazazi wengi wa hapa hawana shaka na maandalizi. Wanapokosea ni kwenye kuchagua. Njia zilizopo ni nne: tuisheni ya kundi, mwalimu anayekuja nyumbani, kambi, na kufanya mitihani iliyopita mezani kwako. Kila moja ina kazi yake, lakini mzazi hununua ile iliyo karibu au ile anayopeleka jirani. Mtoto anayepoteza alama kwa sababu haelewi Kiingereza cha swali hupelekwa tuisheni ya Hesabu. Anayejua kila kitu ila haangalii alichoandika huwekwa kambini wiki tatu. Pesa imetoka, alama zimebaki pale pale.

Mtihani wa hapa na vipimo vya kule

Tuanze na kule, maana mengi yanayosambazwa kwenye simu kuhusu watoto wenye vipaji yametoka Marekani. Huko mtoto anayetakiwa kuingia programu ya vipawa mara nyingi hupewa kipimo cha uwezo wa kufikiri. Kimoja maarufu ni NNAT: anaonyeshwa maumbo yaliyopangwa kwa mfuatano, kipande kimoja kimeondolewa, naye achague kati ya vipande vitano kipi kinajaza pengo. Hakuna kusoma wala kujumlisha. Kingine ni CogAT, chenye sehemu tatu: maneno, idadi na maumbo. Vipimo hivi vimetungwa ili kumpata mtoto mwerevu hata kama hajafundishwa vizuri, kwa hiyo maandalizi yasingepaswa kufaa kitu.

Yanafaa, ila kidogo. Uchambuzi wa mwaka 1984 wa James Kulik na wenzake, uliokusanya tafiti nyingi pamoja, ulikuta kwamba mtu aliyefanya kipimo mara moja, kisha akafanya kingine kinachofanana nacho, hupanda kwa 0.23 ya mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama za watu zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani. Akirudia kile kile hupanda kwa 0.42. Kwenye kipimo ambacho wastani wake ni 100 na mkengeuko wake ni 15, hiyo ni kama pointi tatu na nusu kwa hali ya kwanza na zaidi kidogo ya sita kwa ya pili. Ni kidogo mpaka ukumbuke mstari unavyokatwa. New York ilipokuwa ikipima watoto wa miaka minne, aliyetaka skuli zinazopokea watoto wa mji mzima alitakiwa kufikia asilimia ya 97, yaani awapite watoto 97 kati ya 100. Kule juu pointi tatu zinamtenganisha aliyeingia na aliyebaki nje. Mwaka 2013 mji huo uliingiza NNAT kwa matumaini kwamba ni ngumu kufundishiwa, na haukupita muda mrefu vitabu vya kuifundishia vikawa vinauzwa. Mwaka 2021 kipimo cha watoto wa umri huo kiliachwa.

Hapa mambo ni mengine. Mtihani wa kumaliza msingi wa Baraza la Mitihani la Zanzibar ni mtihani wa mtaala. Unauliza kilichomo vitabuni. Mtoto mwerevu ambaye mada ya sehemu ilimpita kwa sababu mwalimu wake alikuwa likizo hatabuni mwenyewe, ndani ya ukumbi, namna ya kugawa sehemu kwa sehemu. Aliyefundishwa vizuri ataijibu bila kipaji chochote. Jina "vipawa" lisimtishe mzazi wala lisimvimbishe kichwa: mlango unafunguliwa na alama, na alama za mtihani wa mtaala zinafundishika. Ndiyo maana maandalizi hapa yana uzito kuliko kule. Na ndiyo maana pia mtoto wa skuli yenye walimu pungufu huanza nyuma bila kosa lake.

Baada ya mlango huo kuna mwengine, mtihani wa Kidato cha Pili, nao wa Baraza hilo hilo. Cha Nne tayari ni NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, sawa na Bara. Kwenye vibaraza vya mtaani majina yanayotajwa ni Lumumba kwa Unguja na Fidel Castro kwa Pemba, na mzazi asikilize kwa nusu sikio tu, kwa sababu orodha ya skuli zinazochagua na nafasi zake huamuliwa na Wizara na inaweza kubadilika mwaka hadi mwaka. Mwalimu mkuu wa skuli ya mtoto wako ndiye wa kuulizwa.

Kabla ya kulipa, jua alama zinapotelea wapi

Kazi hii inachukua siku mbili na gharama yake ni kutoa kopi tu. Mzazi asiyeifanya ananunua gizani.

Tafuta mtihani wa mwaka mmoja uliopita ambao mtoto hajauona. Hapo kwenye kutouona pana ugumu, kwa sababu walimu huzitumia karatasi hizi kwenye majaribio ya wilaya na ya skuli, kwa hiyo uliza kwanza. Mkalishe mezani asubuhi, saa zile zile za mtihani wa kweli, wadogo zake wapelekwe kwa bibi, simu iwe chumba kingine. Muda ukiisha usimnyang'anye karatasi. Mwambie apige mstari pale alipofika, abadilishe kalamu ya buluu ashike nyekundu, amalize kilichobaki bila haraka. Alichopata sahihi kwa nyekundu ni alama zinazoliwa na muda.

Karatasi isahihishwe na mwalimu wa somo au kwa majibu ya kuaminika. Kesho yake, si usiku ule ule, chukua kila swali alilokosa umpitishe hivi. Kwanza mpe swali kama lilivyo, bila saa na bila kidokezo. Akilipata, tatizo ni haraka au kutoangalia. Yaliyobaki msomee kwa Kiswahili cha kawaida, kama unavyozungumza naye jikoni. Akilipata sasa, tatizo ni lugha. Asipolipata hata hapo, hajui, na kujua kunahitaji kufundishwa.

Chukua swali la shamba la mstatili, urefu mita 40 na upana mita 25, linalouliza "perimeter". Mtoto ameandika 1,000. Mzazi huona hajui Hesabu. Muulize hivi: "Tukilizungushia shamba hili uzio pande zote, tutahitaji uzio wa mita ngapi?" Akikaa kidogo akasema 130, Hesabu anaijua. Alizidisha kwa sababu aliona namba mbili na neno asilolitambua, akachukua lile analolifanya mara nyingi. Akisema 1,000 tena, hapo eneo na mzingo vimechanganyika kichwani, na hiyo ni kazi ya kuzungusha kamba uwanjani, siyo ya kamusi.

Lugha ina uzito huu kwa sababu Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliweka Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mitaala huguswa mara kwa mara, kwa hiyo hakikisha kwa mwalimu karatasi ya mwaka huu imo katika lugha gani kwa kila somo. Lakini kama ni Kiingereza, usishangae mtoto anayegawa karanga kwa wenzake bila kukosea akagota kwenye neno "remainder".

Ukimaliza utakuwa na namba. Tuseme mtoto alipata 58 kati ya 100. Zile 42 zilizopotea zinaweza kugawika hivi: 19 lugha, 13 hajui, 6 kutoangalia, 4 muda. Mwengine mwenye 58 hizo hizo anaweza kuwa na 30 za kutojua na 5 za lugha. Kwenye ripoti ya skuli watoto hawa wawili wanafanana kabisa, na kuwapeleka tuisheni moja ni kumpotezea mmoja wao wakati.

Tuisheni ya kundi

Ndiyo inayopatikana kila mtaa, kuanzia Mwanakwerekwe hadi Wete mjini, na ndiyo ya bei ndogo kwa mwezi. Hesabu yake ya kweli ni nyengine. Kundi la watoto 40 kwa saa moja na nusu humpa kila mtoto dakika mbili na robo za mwalimu, na hapo mwalimu awe hakusimama ubaoni hata dakika moja. Kwa hiyo kitu kinachouzwa ni somo la pili la darasani. Humfaa mtoto ambaye somo la kwanza hakulipata: skuli yenye watoto wengi kupita kiasi, mwalimu wa somo hayupo, au mkondo wa mchana ambako vipindi hukatwa. Kwa yule wa 30 za kutojua, tuisheni nzuri ya kundi inaweza kuwa msaada mkubwa kuliko vyote, almuradi mada zinazofundishwa ni zile anazokosa.

Uliza maswali haya kabla ya kutoa ada: wiki hii mnafundisha mada gani, na wiki mbili zijazo? Watoto ni wangapi? Madaftari yanasahihishwa na nani? Mwalimu asiyeweza kutaja mada za wiki mbili mbele hana mpango, anafundisha litakalomjia. Baada ya wiki mbili fungua daftari. Ukiona kurasa zilizonakiliwa ubaoni, alama za vema zilizopigwa juu juu, na hakuna swali hata moja lililokosewa kisha likarudiwa, mtoto anakwenda kukaa tu.

Kuna mtindo unaojulikana na usiosemwa: mwalimu wa asubuhi ndiye wa tuisheni, na mada hufundishwa nusu darasani, nusu tuisheni. Mzazi hulipa kwa kuogopa mtoto asije akachukiwa. Hilo ni la kupeleka kwa mwalimu mkuu au kamati ya skuli, na ni rahisi zaidi wakienda wazazi watano kuliko mmoja.

Halafu kuna usingizi. Mtoto wa mkondo wa asubuhi hutoka skuli, hula, huenda chuoni (madrasa), hurudi karibu na Magharibi. Tuisheni ikiwekwa baada ya hapo huisha saa tatu usiku. Wataalamu wa usingizi wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2016, walitaja saa 9 hadi 12 kwa umri wa miaka 6 hadi 12. Anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri anatakiwa awe amelala saa mbili usiku ili zifike tisa. Hazifiki. Mtoto anayesinzia kipindi cha kwanza cha skuli amelipia somo la usiku kwa somo la asubuhi, ambalo ni la bure. Tuisheni ya Jumamosi na Jumapili asubuhi ni bora kuliko ya usiku tano kwa wiki, hata kama saa ni chache.

Mwalimu wa nyumbani

Huyu ni wa kuziba matundu machache. Mtoto ana mada mbili au tatu asizozijua, basi mwalimu mmoja, mtoto mmoja, vipindi sita hadi nane vya saa moja, mada zimeandikwa kwenye karatasi kabla hajaanza. Mlipe kwa mada au kwa kipindi. Malipo ya mwezi bila orodha huzaa mwalimu anayemfanyia mtoto kazi ya nyumbani ya skuli, na mzazi hufurahi kuona vema nyingi. Dalili ni rahisi: hati iliyomo daftarini ni ya mwalimu.

Si lazima awe mwalimu mkongwe. Mwanafunzi wa ualimu wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, aliyefaulu Hesabu vizuri anatosha kwa mada za msingi, na mara nyingi ana subira zaidi. Vituo vya walimu, kama Michakaini na Mitiulaya kwa Pemba, au Kiembesamaki na Bububu kwa Unguja, ni mahali pa kuulizia walimu wa somo wanaojulikana. Kipindi kifanyike sebuleni mlango wazi, na mtu mzima awepo nyumbani. Hili halina mjadala.

Wazazi wawili wa mtaa mmoja wenye watoto wanaokosa mada zile zile wanaweza kugawana gharama. Watatu bado inawezekana. Wakifika watano, tayari mmefungua tuisheni.

Mitihani iliyopita, mezani kwako

Pasti pepa, kama wenyewe wanavyoziita, ndiyo njia rahisi kuliko zote na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Nguvu yake ni ya kweli. Katika jaribio la Roediger na Karpicke la mwaka 2006, wanafunzi waliosoma maandishi kisha wakajaribu kuyakumbuka bila kuangalia walikumbuka asilimia 56 baada ya wiki moja. Waliosoma na kusoma tena walikumbuka 42. Lakini baada ya dakika tano tu mambo yalikuwa kinyume: waliorudia kusoma walikuwa mbele, 81 kwa 75. Ndiyo maana mtoto anayesoma daftari kwa sauti usiku humridhisha mama yake, na wiki ya mtihani akaonekana kama hakusoma kitu. Jioni ile alikuwa anajua kweli. Kujaribu kukumbuka ndiko kunakoganda, hata kama wakati wa kujaribu kunaonekana kugumu na kunakosesha.

Mpango wa wiki kumi unatosha. Jumamosi asubuhi, karatasi moja kamili ya somo moja kwa saa. Jumapili, kusahihisha, na kusahihisha kupewe muda mrefu kuliko mtihani: karatasi ya saa mbili inataka saa tatu za kurudi nyuma, kila swali lililokosewa liandikwe upya likiwa na njia yake. Siku za kazi ni dakika 40 tu, mada zile zilizojitokeza kuwa dhaifu. Swali lililokosewa lirudi baada ya siku tatu, baada ya wiki, kisha baada ya wiki tatu. Akilipata mara zote tatu, lifutwe kwenye orodha.

Kwa yule wa 19 za lugha, dakika 20 kati ya zile 40 ni za maneno. Maneno manane kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki sita: 240. Hayo yanasaidia sana kwa Hesabu na Sayansi za msingi, kwa sababu karatasi hurudia maneno yale yale kila mwaka. Yatoe kwenye mitihani yenyewe na vitabu vya Taasisi ya Elimu Zanzibar, usiyatoe kwenye kamusi kwa mpangilio wa alfabeti. Ukurasa upigwe mstari katikati, neno kushoto, kulia mchoro au sentensi ya Kiswahili, kisha upande wa kulia ufunikwe kwa mkono. Mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kusimamia hili bila taabu, kwani majibu yapo chini ya kiganja cha mtoto.

Sasa yanayoharibika. La kwanza, mtoto hukariri majibu. Karatasi ile ile ikipita mara tatu, atasema "B" kabla hujamaliza kusoma swali. Badilisha namba: lile shamba la 40 kwa 25 lifanye 36 kwa 18. Akitaja 130 tena umemkamata, jibu ni 108. La pili, mzazi hukusanya karatasi za miaka kumi na tano. Za zamani zina mada zilizoondolewa na mpangilio mwengine. Tano au sita za karibuni kwa kila somo zinatosha, na mbili kati ya hizo zifungiwe kabatini zisiguswe, ni za kupimia. La tatu, majibu yanayozunguka WhatsApp yana makosa, tena makosa ya wazi. Jibu la mtoto likipingana na la simu, liende kwa mwalimu kabla ya kumkosoa. La nne, watoto hupenda kufanya somo wanaloliweza. Anayepata 85 Kiswahili atataka kufanya Kiswahili kila Jumamosi, na nyumbani atasifiwa.

Zile alama za muda na za kutoangalia zinatibiwa hapa hapa, bila mwalimu. Kama karatasi ina maswali 50 na saa mbili, kila swali lina dakika 2 na sekunde 24. Swali lililofika dakika nne liwekewe duara, mtoto aende mbele, arudi baadaye. Kuhusu kutoangalia, muwekee masharti matatu ya kila swali la Hesabu: pigia mstari kinachoulizwa, andika kipimo (mita, lita, shilingi), na jiulize kama jibu linaingia akilini. Kuku mmoja wa shilingi milioni mbili hayumo sokoni Darajani, na mtoto anajua.

Kama nyumba haina nafasi ya kukaa kimya, Maktaba Kuu ya Maisara na ile ya Chake Chake zina meza, na kwa mji hilo ni jibu zuri kuliko kambi. Kwa Micheweni au Makunduchi, ufunguo wa darasa moja la skuli siku ya Jumamosi, ukiombwa kwa mwalimu mkuu, unafanya kazi hiyo hiyo.

Kambi

Kambi huuza vitu vitatu: muda, utulivu na taa. Mtoto wa kike anayechota maji, anayepika na kulea mdogo wake kabla hajafungua daftari hupata kambini saa ambazo nyumbani hazipo. Vivyo hivyo anayeishi mbali na skuli au kwenye nyumba isiyo na umeme. Kwa hawa kambi ni nafuu kubwa, na si haki kuibeza.

Haiwezi kufundisha miaka miwili ndani ya wiki tatu. Mtoto mwenye 30 za kutojua ataingia kambini na kutoka nazo, amechoka. Ubovu wa kawaida ni ratiba inayoanza baada ya sala ya Alfajiri na kumalizikia saa tano usiku, kwa imani kwamba saa nyingi ni kusoma kwingi. Uliza saa ya kuzima taa. Uliza nani mtu mzima anayelala na watoto, wa kike kwa wa kike. Uliza chakula, maji ya kunywa, vyandarua. Na uliza kambi inavunjwa lini: ikivunjwa siku mbili kabla ya mtihani, mtoto akalala kwao, ni bora kuliko kutoka kambini moja kwa moja kwenda ukumbini.

Kambini pia ndipo uvumi wa mtihani uliovuja unapopita, kwa sababu watahiniwa wote wako pamoja na kila mmoja ana hofu. Anayeuza majibu ya mtihani wa taifa ama ni tapeli, ama anamuuzia mwanao kufutiwa matokeo.

Je, akiingia, anapata nini?

Swali hili huulizwa mara chache kuliko inavyostahili. Mwaka 2014 wachumi Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walichapisha uchunguzi wa skuli za kitaifa za Kenya, zilizokuwa zikichagua wanafunzi kwa alama za KCPE, mtihani wa kumaliza msingi wa huko. Walilinganisha waliovuka mstari kwa kidogo na waliokosa kwa kidogo. Waliovuka walisoma na wenzao wenye alama kubwa, kwenye skuli zenye vifaa zaidi. Matokeo yao ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hayakuonyesha nafuu ya maana. Uchunguzi wa mwaka huo huo kuhusu skuli teule za Boston na New York ulielekea upande huo huo.

Zanzibar si Kenya, na skuli yenye maabara inayofanya kazi ni kitu mtoto wa Sayansi anakihitaji. Lakini mzazi anayefikiria kuuza mbuzi au kukopa kikoba ili kununua alama tano za mwisho ajue kwamba mtoto aliyekosa kwa alama tano hajaharibikiwa, na Kidato cha Pili kinakuja. Pesa ile ile inaweza kumfaa zaidi baada ya mtihani, kwa vitabu na nauli ya daladala ya miaka miwili.

Kipi kwa mtoto yupi

Kama nusu au zaidi ya alama zilizopotea ni za kutojua, na mada ni nyingi, tuisheni ya kundi ya mwisho wa wiki, ianze mapema, mwaka wa masomo unapoanza, badala ya kusubiri miezi miwili ya mwisho. Mada zikiwa mbili tatu, mwalimu wa nyumbani. Lugha ikiwa ndiyo kubwa, daftari la maneno na mitihani iliyopita. Tuisheni ya Hesabu isubiri. Muda na kutoangalia havihitaji senti yako. Kambi ni kwa yule ambaye nyumba yenyewe ndiyo kikwazo. Na mtoto anayepata 85 kwenda juu katika kila somo kwa karatasi asizowahi kuziona, mwache acheze mpira jioni, afanye karatasi moja kila Jumamosi.

Baada ya wiki nne toa kabatini moja ya zile karatasi mbili ulizofungia, urudie kipimo chote, pamoja na ile kalamu nyekundu. Kupanda au kushuka kwa alama tatu au nne si habari. Mtoto yule yule hupata tofauti hiyo Jumatatu na Alhamisi. Tazama lile fungu ulilolilipia. Kama 13 za kutojua hazijashuka hata kufika saba, sema na mwalimu mara moja, mpe wiki mbili, kisha badilisha njia. Karatasi ya pili ibaki imefungiwa mpaka zibaki wiki tatu.